Bwawa Hupimwa Kabla ya Jua

Mwenye bwawa la samaki akitaka umsifie kazi yake atakuita saa nne asubuhi. Jua limeshapanda, atatupa konzi ya pumba za mchele majini, na ngege watakuja juu wakigombania. Tazama, maana ni adabu kutazama, ila sifa zako ziweke kwanza. Samaki mwenye njaa hukimbilia pumba, na mwenye njaa kuliko wote ni yule wa bwawa bovu.

Mwombe urudi kesho yake saa kumi na moja na nusu, kabla hakujapambazuka vizuri. Mchana mwani unaoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni; usiku mwani huohuo huivuta pamoja na samaki, na samadi inayooza chini nayo inadai sehemu yake. Kwa hiyo saa ya mwisho ya usiku ndiyo saa ya dhiki kwa kila bwawa. Ukikuta maji yametulia, huoni samaki, hilo ni bwawa la mtu anayejua kazi. Ukiwakuta juu, midomo wazi, wakinyonya maji ya usoni, piga makofi. Wakishtuka na kuzama, maji yamelemewa lakini yanaponyeka: aache samadi siku kadhaa, afungulie maji mapya. Wakibaki palepale hata kwa makofi, usipoteze muda. Asubuhi chache zijazo mwenyewe atawaokota wakielea.

Baada ya hapo, kunja mkono wa shati. Zamisha mkono wima, kiganja ukikikunja kielekee juu, uangalie kinapotelea wapi. Kikitoweka maji yanapofika kiwiko, kijani ni cha kutosha. Kikitoweka maji yanapofika kifundo cha mkono, mbolea imezidi. Maji yakivuka kiwiko na bado unahesabu vidole, hapo hakuna chakula cha asili, na samaki wanaishi kwa kile wanachotupiwa tu. Wageni wa mjini hupenda maji maangavu wakidhani ndiyo usafi. Kwa ngege, maji maangavu ni jiko lisilo na moto. Kama maji ni ya udongo mwekundu, mkono hautakuambia kitu. Tazama tuta: limeachwa bila nyasi na mvua inalimomonyoa.

Kuna wafugaji wenzetu ambao sheria yao ni kinyume kabisa, nao wanastahili kusikilizwa. Huko Ulaya na Asia watu huweka samaki aitwaye taa, wa maji baridi, wale wa mito ya Amerika ya Kusini, katika masanduku makubwa ya kioo nyumbani. Mmoja wao, mweusi mwenye madoa meupe, anatoka mto Xingu wa Brazili, na kwa sayansi ana jina la Leopold III, mfalme wa Wabelgiji aliyetawala tangu 1934 hadi 1951, wakati Kasongo yetu hapa Kongo ilipokuwa chini ya taji lake. Taa anataka maji maangavu na mchanga laini, naye hufa kwa amonia ambayo jicho halioni. Kwa hiyo mjuzi hatazami maji, humtazama taa mwenyewe: vitundu vya kupumulia vilivyo nyuma ya macho vinapiga polepole au kwa haraka, ukingo wa mwili umelala au umejikunja juu, gegedu ya nyonga karibu na mkia imetokeza au imefichwa na nyama. Ukingo ukijikunja, mara nyingi ameshachelewa. Madoa yake mazuri hayasemi lolote kuhusu hayo yote, na hapo ndipo sisi na wao tunapokutana: pumzi na nyama kwanza, rangi baadaye.

Sasa turudi bwawani, kwenye wavu. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mwenye bwawa atakuinulia ngege mmoja mpana kama kiganja cha mtu mzima, na wewe utaondoka umeridhika. Samaki mkubwa mmoja ni shahidi wa uongo. Mwambie avute mara moja, asichague, amwage kwenye beseni, halafu utazame wadogo. Ngege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, jike akiatamia mayai mdomoni, na bwawa lisilovunwa kwa wakati hujaa watoto, wajukuu na vitukuu wakigawana chakula kilekile. Ukiona samaki wa urefu wa kidole mwenye kichwa kikubwa, mgongo mwembamba, na rangi ya dume aliyekomaa, huyo ni mzee aliyedumaa. Bwawa lililopandwa samaki wawili kwa kila mita ya mraba na kuvunwa lote baada ya miezi sita hivi hutoa samaki wanaokaribiana, wa gramu 100 hadi 200. Kukaribiana huko ndiko sifa ya ufundi.

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000, na huko Kipopo, karibu na Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, kulikuwa na kituo cha utafiti wa ufugaji huo. Baada ya 1960 mengi yaliachwa. Watu walichoka kuchimba kwa jasho na kuvuna dagaa, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Chakula nacho kina mjuzi wake. Mchele ulishamiri Kasongo tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, kwa hiyo pumba tunazo, lakini mashineni huchanganywa na makapi. Chukua konzi, finya, fungua kiganja, puliza. Makapi yataruka, pumba ya kweli, yenye mafuta, itabaki imeshika ngozi. Ikinuka uvundo, iache kwa mwenyewe. Mchwa wa kichuguu ni bora kuliko vyote, ila hawapatikani kila siku.

Tuta litembelee haraka: bomba la kuingiza maji liwe juu ya uso wa bwawa, maji yaanguke kwa kelele na kuchukua hewa, na lifungwe wavu ili samaki wa mtoni wasiingie. Kambale mmoja mdogo anayepenya leo atakula vifaranga vyako miezi yote.

Ukija kununua vifaranga, kataa vilivyolishwa asubuhi hiyo, maana vitachafua maji ya ndoo njiani. Vimwage kwenye beseni jeupe, utazame kama vinalingana. Vikiwa vya saizi tatu, hao si watoto wa umri mmoja, na baadhi yao ni wale wazee waliodumaa. Rudi nyumbani na ndoo tupu.