Biblia ya Ukoo na Rejista za Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kama Pumwani, Kaloleni na Bahati, utafiti wa nasaba, yaani mfuatano wa vizazi vya ukoo, huanzia mara nyingi kwenye Biblia iliyorithiwa, ambayo kurasa zake tupu zimejazwa majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa. Mtafiti makini hutazama kwanza mwaka wa kuchapwa, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili ya Union ilitoka 1952 na ya Kijaluo 1953. Kwa hiyo mtoto wa 1938 aliyeandikwa humo kwa wino na mwandiko uleule wa wadogo zake aliingizwa baadaye kwa kumbukumbu, pengine kwa kukisia.

Kumbukumbu hiyo hupimwa kwa rejista ya ubatizo, na hapa parokia za Kikatoliki zina utajiri wa pekee, maana sheria ya Kanisa huagiza kipaimara na ndoa ya mbatizwa viandikwe pembeni mwa jina lake, hata kama ndoa ilifungwa parokia ya mbali. Cheti cha serikali hakitarajiwi kwa wazee, kwani sheria ya kuandikisha vizazi ilienezwa kwa awamu kuanzia 1963 hadi 1971.

Kipande, hati ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba tangu miaka ya 1919 na 1920, hutaja wilaya ya asili na waajiri kuliko makazi ya jijini, na sababu yake ni ya kisiasa: kwa serikali ya kikoloni Mwafrika alikuwa mpita njia Nairobi. Dharau hiyo, ajabu, humfaa mtafiti, kwa kuwa humrudisha moja kwa moja kijijini.

Kwa Wagikuyu, ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa 1932, una madai ya mbari, yaani koo zenye ardhi ya pamoja, lakini mdai ana sababu ya kunyoosha ukoo wake, na wanawake ni nadra kutajwa humo, ilhali Biblia inaweza kuwataja. Zaidi ya hayo, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, hivyo jina moja hujirudia kila baada ya kizazi kimoja, na asiyelinganisha jina la mke na la wilaya huwaunganisha babu na mjukuu kuwa mtu mmoja.