Gramu Mahali Pake

Magari mengi ya rimoti hununuliwa kwa ajili ya mbio. La kupanda miamba halina haraka. Likiwa kazini huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na likifika penye kazi ngumu hujivuta kidogo kidogo, kiasi cha kumpa mtazamaji nafasi ya kuona kila jambo. Tairi la mbele linagusa ukingo wa jiwe. Linabonyea, linasita, mpira wake unajikunja kufuata umbo la mwamba, kisha ama linashika ama linateleza. Mara nyingi kinachoamua hakionekani kwa nje: ni ukanda wa vipande vidogo vya chuma vilivyobandikwa ndani ya rimu, kimoja baada ya kingine, na mtu aliyeketi mezani na mizani ya jikoni.

Kazi hiyo ya mezani haipigiwi makofi na mtu, nami naiona kuwa ndiyo roho ya mchezo wenyewe.

Mchezo huu ulikulia Marekani, nchi ambayo wenye magari makubwa huyapandisha kwenye miamba ya Moab, jimboni Utah, na kuyapitisha katika njia ya Rubicon, California. Wapenzi wa magari madogo wakataka kufanya yaleyale kwa gari lililopunguzwa mara kumi. Mwanzoni walijiundia wenyewe kwa kuunganisha vipuri vya magari mengine ya rimoti. Baadaye kampuni kama Axial zikaleta magari yaliyobuniwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2017 Traxxas nayo ikatoa TRX-4. Lakini hata gari linalotoka dukani likiwa zuri namna gani, mwenyewe akilifikisha nyumbani hufungua magurudumu.

Kwa nini magurudumu? Mtu angedhani jibu ni jepesi: gari zito hushika zaidi. Ni kweli nusu tu. Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano huongezeka kulingana na nguvu inayovikandamiza vitu viwili pamoja. Basi ongeza uzito, msuguano nao utaongezeka. Ila mlimani uzito huohuo unalivuta gari kurudi chini, na mvuto huo nao unaongezeka kwa kiwango kilekile. Kwa hesabu hiyo peke yake, gari zito na gari jepesi yangeteleza kwenye mteremko uleule. Mpira, kwa bahati, hauitii kanuni hiyo kikamilifu, maana ukibonyezwa huingia katika chembechembe za mwamba na kung'ang'ania. Hata hivyo, siri kubwa ni mahali uzito ulipokaa.

Chukua gari la kilo 2.5, lenye milimita 313 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kitovu cha uzito kikiwa katikati, milimita 100 juu ya ardhi. Likipanda, litabiruka kinyumenyume mwinuko ukifika kama digrii 57. Sasa bandika gramu 100 ndani ya kila gurudumu la mbele. Kitovu cha uzito kinasogea mbele kama milimita 12 na kushuka milimita 3 hivi, na gari linavumilia hadi digrii 60. Chukua gramu 200 zilezile uziweke juu ya paa, kwenye keria, hata kama umezisogeza mbele kidogo: linabiruka kwenye digrii 56, mapema kuliko lilivyokuwa kabla hujaliongezea chochote. Zihamishie magurudumu ya nyuma, nako ni 56. Uzito haujabadilika hata gramu moja. Kilichobadilika ni mahali pake, na tofauti ya digrii 4 juu ya mwamba ndiyo tofauti ya kufika kileleni na kulala chali.

Ndani ya gurudumu kuna faida nyingine ambayo paa haiwezi kuitoa kamwe. Uzito wa mwilini hukaa juu ya springi, huzikandamiza, na gari likiinama pembeni huegemea upande huohuo na kuzidisha balaa. Uzito wa kwenye gurudumu uko chini ya springi. Gurudumu likifika penye shimo, uzito huo unalivuta lishuke kutafuta ardhi badala ya kuning'inia hewani. Tena uko nje kabisa, mwisho wa ekseli, na gari likipita ubavuni mwa mteremko hutulia kama mtu aliyepanua miguu. Wakulima wanajua jambo la jamaa na hili: matairi ya trekta hujazwa maji kama robo tatu ili yasizungukie mahali pamoja shambani.

Sasa njoo mezani. Rimu nzuri za mchezo huu hufunguka: tairi halikugundishwa, limebanwa kati ya pete mbili kwa skrubu ndogo ndogo. Fundi anazilegeza zote, anatoa pete, anavua tairi, anachomoa sponji iliyo ndani. Anafuta sehemu ya ndani ya rimu kwa spiriti mpaka itoe mlio chini ya kitambaa, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Ndipo anapoanza kubandika. Vipande vyenyewe wengi wetu tumeviona kwa mafundi wa matairi: ni vilevile vya kubalansi magurudumu ya gari, vya gramu 5 au 7, vyenye gundi mgongoni. Vya risasi hupinda vizuri kufuata mviringo, ila risasi ni sumu. California ilivipiga marufuku kwenye magari tangu mwaka 2010, na anayevitumia anawe mikono kabla ya kushika chakula. Vya chuma ni salama, vinachukua nafasi zaidi kidogo. Wenye fedha hununua pete za shaba ya manjano zilizochongwa kwa mashine, zinazoingia ndani ya rimu bila gundi.

Mzunguko ndio unaodai subira. Vipande lazima vienee sawa pande zote. Gurudumu lenye upande mzito, likitambaa, linaonyesha kosa lake papo hapo: upande ule ukifika juu, linasita, ukivuka, linaanguka mbele kwa mshtuko mdogo. Kwenye barabara usingeuona. Kwenye ncha ya jiwe, mshtuko huo unatosha kulitoa tairi mahali liliposhika. Kwa hiyo fundi anabandika kimoja, anabandika kingine upande unaokikabili, anarudi robo, anapima. Kisha anapima gurudumu la kushoto na la kulia, moja baada ya jingine, mpaka mizani iseme namba moja. Akimaliza anazungusha utepe juu ya vipande vyote, maana kipande kikibanduka ndani ya tairi kitakwaruza sponji mpaka kiimalize.

Nimewaona wanaotia goroli ndogo ndani ya tairi badala yake. Huviringika na kukaa chini daima, kwa nadharia pale hasa panapotakiwa. Siipendi njia hiyo. Goroli hupiga kelele, husaga sponji, na gari likiinama hukimbilia upande mbaya. Uzito unaozurura haufai kwa gari linalotegemea utulivu.

Kila gramu ina bei yake. Mota ndogo ya stelingi ndiyo inayoumia kwanza, kwani inageuza magurudumu mazito yaliyojibana kati ya mawe. Meno ya difu nayo yanabeba, ekseli inabeba, betri inaisha upesi. Na lile gari la mfano wetu, lililopata karibu digrii 3 za kupanda, likigeuka kushuka limepoteza karibu 1. Ndiyo maana wengi huanza na kitu kama gramu 60 kila upande mbele, nyuma wakaacha tupu au wakaweka kidogo sana, kisha wakaenda kujaribu kwenye ubao ulioinuliwa.

Hapo ubao unapandishwa kidogo kidogo mpaka gari likatae. Ikiwa magurudumu ya mbele yanainuka, mbele bado kwepesi. Ikiwa yote manne yameganda ubaoni lakini yanazunguka bure, tatizo ni mpira au sponji, na hakuna kiasi cha risasi kitakacholiponya. Ikiwa stelingi inanguruma bila kugeuza, imepita kiasi. Fundi anarudi mezani, analegeza skrubu zote tena, anabandua vipande viwili vinavyotazamana kutoka kila rimu, anafunga, na kulirudisha gari ubaoni.