Ufundi wa Kupambanua Misingi ya Hoja

Hapana ufundi wa akili ninaouhusudu kuliko ule wa msikilizaji ambaye, hoja ikisha kutolewa, huweza kusema ni kauli zipi zinazoishika natija na zipi zilizoletwa ili tufahamu tu mahali tulipo. Ufundi huo ulikuwa na kazi kubwa Port Bell, bandari ya Kampala iliyopewa jina la Sir Hesketh Bell, maji ya Ziwa Viktoria yalipokupwa mwaka 2005 na 2006 hata yakashuka hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1920, watu wakahojiana kama sababu ni ukame ama mabwawa ya umeme ya Jinja.

Tuseme mshitaki wa mabwawa amesimama gatini, akanena kwamba meli za Kisumu zilikuwa zikishusha shehena hapa kabla reli ya Nairobi haijafika Kampala mwaka 1931. Kwamba bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Kwamba maji yaliyofunguliwa Jinja yamepita kadiri iliyoafikiwa. Basi mabwawa pekee ndiyo yaliyolipunguza ziwa. Fundi huiondoa kauli moja moja, akatazama kama natija ingali imesimama. Akiziondoa meli na reli, hoja haitikisiki, ingawa mimi siidharau habari hiyo, kwani asiyejua bandari ile ilikuwa nini kwa Kampala hatajua kwa nini aijali hoja hii. Akikiondoa kipimo cha maji yaliyofunguliwa, hoja yote huanguka.

Lakini ni mwaka 1954 unaompima fundi hasa. Mwenye haraka huuweka pamoja na reli, tarehe miongoni mwa tarehe, ilhali bwawa lile ndilo lililoizamisha miamba ya maporomoko ya Ripon, ambayo tangu kale ndiyo iliyokadiria maji ya kuingia Naili, na kuanzia hapo kadiri hiyo ikawa mikononi mwa wanadamu, walioahidi kuufuata mwendo wa zamani. Bila ya jambo hilo, hakuna wa kushitakiwa. Na reli nayo, lau natija ingekuwa kwamba Port Bell ilipungukiwa na biashara, ingegeuka kuwa msingi wa kwanza.

Kisha fundi huuliza habari ya neno ambalo mshitaki hakulitia kabisa, yaani mvua. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huanguka juu yake moja kwa moja kutoka mawinguni, na miaka ile mvua ilikuwa imepungua. Kwa hiyo kinachoweza kuthibiti ni kwamba mabwawa yalishiriki, si kwamba yalikuwa pekee.