Kisanduku Kinachosema "Hapa"

Katika vituo vingi vya afya vya Tanzania na Kenya, ukutani kwenye chumba cha chanjo hubandikwa karatasi kubwa yenye miraba. Mwezi ukiisha, muuguzi huchukua kalamu na rula, hujumlisha watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta tangu Januari na kuweka nukta. Kisha hufanya vivyo hivyo kwa dozi ya tatu. Nukta zikiunganishwa hutokea mistari miwili inayopanda, na nafasi iliyo kati yake ni watoto walioanza chanjo wakaishia njiani. Mistari ikiachana sana, hata mgeni aliyeingia kuulizia choo ataona kwamba kuna jambo.

Hata jina la kituo lisipojazwa pale juu, hakuna anayepotea. Karatasi ipo kwenye ukuta wa kituo, kwa hiyo inahusu kituo hicho.

Mganga mkuu wa wilaya hana ukuta wa namna hiyo. Ana makumi ya vituo, mwenzake wa mkoa ana mamia, na wizarani wanahesabu maelfu. Wote wanauliza swali lilelile la Penta, kila mmoja kwa eneo lake, na kila mmoja angependa kuona pia mambo mengine ambayo jirani yake hayamhusu. Aliyewahi kuambiwa na bosi wake atengeneze dashibodi ambayo kila mtu ataipanga apendavyo anaujua mzigo huo. Ndiyo maana inafaa kuifungua DHIS2 na kuangalia namna ilivyoubeba.

DHIS2 ni programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Mizizi yake ipo Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambako toleo la kwanza lilikaa ndani ya kompyuta moja moja, juu ya Microsoft Access. Toleo la pili liliandikwa upya kwa Java ili lifanye kazi kwenye kivinjari, na lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililiweka kwenye seva moja ya taifa mwaka 2011. Tanzania nayo ililichukua, kwa kazi kubwa ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili libebe Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao vituoni hakuna anayeutaja kwa urefu huo: ni MTUHA, basi.

Ndani ya kanzidata yake, kila tarakimu inayotoka kituoni huwekwa kwenye mstari mmoja unaojibu maswali matatu: nini, lini, wapi. Dozi ya kwanza ya Penta, Machi, zahanati fulani, 46. Kuna vipengele vingine, kama umri au jinsia, lakini uti wa mgongo ni hayo matatu. Ripoti nzima ya mwezi, iwe ya MTUHA au fomu ya MOH 710 ya Kenya, husambaratishwa kuwa mistari ya namna hiyo.

Siri ya dashibodi imejificha kwenye wijeti, yaani kile kisanduku chenye chati, jedwali au ramani. Mtazamaji huona picha ya takwimu na kudhani kisanduku kimezihifadhi takwimu hizo. Hakijahifadhi hata moja. Kilichohifadhiwa ni swali, limeandikwa kwa maneno machache, na baadhi ya maneno hayo yameachwa wazi makusudi. Badala ya jina la wilaya kumeandikwa USER_ORGUNIT, yaani eneo la huyu aliyeingia sasa hivi. Badala ya miezi yenye majina kumeandikwa LAST_12_MONTHS, yaani miezi 12 iliyopita. Kivinjari hupeleka swali hilo kwenye seva, seva hutazama nani anauliza na leo ni tarehe ngapi, hujaza mapengo, kisha hurudisha tarakimu. Hapo ndipo chati huchorwa.

Kwa maneno mengine, watengenezaji waliyachukua maneno mawili ambayo karatasi ya ukutani iliyapata bure, "hapa" na "sasa", wakayaingiza kwenye msimbo. Ofisa mmoja akiunda dashibodi ya chanjo mara moja, muuguzi wa Kilifi ataona Kilifi, na mwenzake wa Turkana ataona Turkana, bila mtu yeyote kunakili kitu. Mwezi ukigeuka, chati zote husogea mbele zenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, uamuzi huo mmoja una thamani kubwa kuliko mapambo yote ya kuburuta visanduku, ingawa mapambo ndiyo yanayopigiwa makofi siku ya uzinduzi.

Swali likishaandikwa, linakaa wapi? Hapa mafundi hawakubaliani. Grafana, programu ambayo Msweden Torkel Ödegaard aliianzisha kutokana na msimbo wa programu nyingine, Kibana, na kuitoa mwaka 2014, huweka swali ndani ya dashibodi yenyewe. Ukiinakili dashibodi umenakili kila kitu, na ukibadilisha kisanduku hapa, kile cha kule hakiguswi. DHIS2 ilikwenda njia nyingine. Chati huhifadhiwa peke yake kwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na dashibodi hubeba vitambulisho tu, mithili ya orodha ya wageni. Faida yake ni kwamba kosa kwenye chati ya malaria likirekebishwa mara moja, limerekebishwa kila mahali. Hasara yake ni hiyohiyo. Mwenye ruhusa ya kuhariri akibadilisha chati ili imfae yeye, chati hugeuka kwenye dashibodi za watu asiowajua, na hao hubaki wakijiuliza ni nani aliyepita usiku. Inaelekea Grafana nayo iliuona upungufu wa njia yake, kwani mwaka 2021 iliongeza visanduku vya maktaba vinavyoweza kutumiwa na dashibodi nyingi.

Upangaji wa visanduku haudai maneno mengi. Ukurasa hugawanywa safu wima za upana sawa. Grafana hutumia 24, namba inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Kila kisanduku hubaki na namba nne tu: kilipoanzia kwa upana, kilipoanzia kwa kina, upana wake na urefu wake. Kimoja kikiburutwa juu ya kingine, cha chini husukumwa, na palipobaki wazi visanduku hupanda kujaza. DHIS2 ilitenganisha kutazama na kuhariri, kwa hiyo anayepitisha kidole kwenye kishikwambi hawezi kuvuruga mpangilio kwa bahati mbaya. Ni jambo dogo, ila dashibodi nyingi hulisahau.

Kasi ni habari nyingine. Nchi ikishakusanya ripoti za miaka, mistari ya kanzidata hufika mamilioni mengi, na dashibodi yenye visanduku 15 ina maana ya maswali 15 kwa kila anayeifungua. Jumatatu asubuhi, wilaya zote zikiingia kwa pamoja, seva ingezama. Kwa hiyo DHIS2 haiachi visanduku viguse mistari ya asili. Kwa kawaida usiku, wakati wengi wamelala, seva hutengeneza majedwali mengine yaliyoandaliwa kwa kusomwa tu, yakiwa yamegawanywa kwa mwaka. Ndani yake kila mstari umekwisha kuandikiwa wilaya yake, mkoa wake, robo yake na mwaka wake, hivyo kujumlisha hakuhitaji kupanda na kushuka ngazi za utawala. Gharama yake inajulikana vizuri na watumishi wa takwimu: ripoti iliyoingizwa saa nne asubuhi haionekani kwenye dashibodi saa tano. Mtu huapa kwamba ameiingiza, msimamizi huapa kwamba haioni, na wote wawili wanasema kweli.

Kuna kosa moja ambalo mjenzi wa dashibodi hulifanya mapema na huchelewa kuligundua, nalo linahusu asilimia. Kipimo cha watoto walioachia chanjo njiani hupatikana kwa kutoa dozi za tatu kwenye dozi za kwanza, kisha kugawa kwa dozi za kwanza. Kikivuka asilimia 10 huhesabiwa kuwa ishara mbaya. Tuchukue vituo viwili vya mfano. Cha kwanza kilichanja watoto 200 dozi ya kwanza, 190 wakafika ya tatu: asilimia 5. Cha pili, kidogo, kilianza na 20, wakafika 10: asilimia 50. Aliyehifadhi asilimia za vituo kisha akatafuta wastani atamwonyesha mganga mkuu wa wilaya 27.5, na kikao kitaitishwa. Hesabu sahihi hujumlisha kwanza: waliopotea 20 kati ya 220, yaani karibu 9.1, chini ya mstari wa hatari.

DHIS2 huepuka mtego huo kwa kutohifadhi asilimia. Huhifadhi kanuni: cha juu ni hiki, cha chini ni kile, zidisha kwa 100. Popote swali linapoulizwa, kituoni, wilayani au taifani, seva hujumlisha cha juu na cha chini kwa eneo lililoulizwa, ndipo igawe. Lakini tazama upande wa pili wa mfano uleule. Kwenye chati ya wilaya kile kituo kidogo kimemezwa, na nusu ya watoto wake hawaonekani. Ndiyo maana dashibodi nzuri ya wilaya huweka kando ya namba moja ya jumla ramani au jedwali lenye kituo kimoja kimoja.

Mambo mengine yalijulikana baada ya watu kuanza kulalamika. Dashibodi ilikuwa ikigawiwa kwa kundi, lakini chati zilizomo zina ruhusa zake zenyewe, hivyo aliyealikwa alifungua na kukuta visanduku vinavyomwambia hana ruhusa. Baadaye pakawekwa njia ya kuteremsha ruhusa ya dashibodi hadi kwenye vilivyomo. Mwaka 2021 toleo la 2.37 likaleta uwezo wa kuhifadhi dashibodi ndani ya kivinjari ili ifunguke hata mtandao ukikatika, jambo ambalo watumishi wa vijijini hawakuhitaji kushawishiwa. Nayo timu iitwayo HISP Tanzania, iliyokulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitengeneza dashibodi yake inayokaa juu ya DHIS2. Humo mtazamaji hugeuza chati kuwa jedwali au ramani, na kubadilisha kipindi na eneo, bila kutoka kwenye kisanduku wala kugusa kilichohifadhiwa kwa ajili ya wengine.

Hata hivyo, kipo kisanduku ambacho fundi hawezi kukinyoosha. Kiwango cha chanjo hutafutwa kwa kugawa waliochanjwa kwa watoto wanaokadiriwa kuwapo, na makadirio hayo hutokana na sensa: Kenya ya mwisho ni ya 2019, Tanzania ya 2022. Makadirio yakiwa madogo kuliko hali halisi, au akina mama wa kata ya jirani wakiipenda zaidi zahanati hii, chati huonyesha asilimia 118 bila aibu. Swali liliulizwa vizuri na seva ilijumlisha vizuri. Chini ya chati DHIS2 imeacha nafasi ya kuandika maoni, ambayo watumishi wa wilaya na mkoa huyasoma wakiitazama chati hiyohiyo. Hapo ndipo muuguzi anaweza kueleza kwamba wale watoto wa ziada huletwa na mama zao kutoka ng'ambo ya mto.