Mchawi Anapocheka Hatembei

Mwaka 1647 Mwingereza mmoja, Matthew Hopkins, alichapisha kijitabu cha kutetea kazi yake ya kuwinda wachawi. Picha ya mbele inamwonyesha yeye amesimama, wanawake wawili wameketi, na vijinyama vya ajabu vimewazunguka, kila kimoja kimeandikiwa jina lake. Vinegar Tom ana mwili wa mbwa wa mbio na kichwa cha ng'ombe. Wengine ni Pyewacket na Jarmara. Majina kama hayo hayakutolewa na watu waliolala wakashiba usingizi. Elizabeth Clarke wa Manningtree, kikongwe mwenye mguu mmoja, alikeshwa usiku baada ya usiku mbele ya walinzi hadi wakasema wamewaona watumishi wake wakiingia mmoja mmoja. Mwaka 1645 alinyongwa.

Sasa fungua Advanced Player's Guide, kitabu ambacho kampuni ya Paizo ya Marekani ilikitoa mwaka 2010 kwa wachezaji wa Pathfinder. Huu ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi. Msimulizi anaiendesha dunia yote iliyobaki, na pale maneno yanaposhindwa kuamua, dadu inaamua. Kitabu hicho kilileta aina sita mpya za wahusika, na mmoja wao ni mchawi. Ukipitia orodha ya uwezo wake utadhani umeshika hati ya mashtaka ya enzi za Hopkins: jicho baya, mnyama wa siri, kuruka angani, chungu cha dawa, kumtia mtu mkosi, kushirikiana na wachawi wenzake. Waandishi hawakufuta shtaka hata moja. Walichofanya ni kulipatia kila shtaka bei yake, muda wake na mpaka wake, kisha wakamkabidhi mshtakiwa mwenyewe achague lipi ni lake. Mimi naona huo ni ufundi mkubwa kuliko kumwandika mchawi mwema wa kumwonea huruma.

Chukua huyo mnyama. Katika kanuni hizo za 2010 msomi wa uganga huhifadhi elimu yake kitabuni. Mchawi hana kitabu; elimu yake yote imo ndani ya mnyama wake, awe paka, bundi, chura au mbweha. Kila siku, kabla hajaweza lolote kubwa, inambidi akae naye saa nzima wakinong'onezana. Akipata hati yenye uganga mpya haisomi tu akaelewa. Anaichoma, majivu yake anayafanya dawa au unga, kisha anamlisha mnyama, na kazi hiyo huchukua saa moja kwa kila ngazi ya uganga wenyewe. Wachawi wawili wakikutana njiani, wanyama wao wanaweza kufundishana.

Mnyama akifa, mchawi hupata mwingine baada ya siku moja, kwa tambiko la saa 8 na gharama ya vipande 500 vya dhahabu kwa kila daraja alilofikia. Lakini huyo mpya anakuja na uganga mdogomdogo wa mwanzo na mwingine miwili kwa kila ngazi. Mengine yote aliyolishwa marehemu yamekwenda naye. Matokeo yake huonekana mezani bila msimulizi kuhimiza neno: daraja wanalovuka linapoanza kuvunjika, mchezaji wa mchawi anauliza kwanza paka yuko wapi. Kile ambacho Hopkins alikitumia kama ushahidi kimegeuzwa kuwa mahali ambapo mchawi anaweza kuumizwa. Msomaji wa Usukuma au Ugogo, aliyekua akisikia habari za fisi wanaopandwa usiku, hatahitaji kuelezwa kwa nini mchawi ana mnyama. Huenda asiwe amewahi kufikiria kwamba mchawi anaweza kukosa usingizi kwa kumhofia fisi wake.

Lakini kanuni ninayoirudia mara kwa mara ni ya kicheko.

Kwa kanuni hizo za 2010, kwenye zamu yake mhusika ana tendo moja kubwa na mwendo mmoja. Mchawi akitumia tendo kubwa kumtupia jicho adui aliye ndani ya futi 30, kama mita 9 hivi, anachagua kitu kimoja cha kukidhoofisha, tuseme mapigo yake, nacho kinapungua kwa 2. Adui hupewa nafasi ya kujikinga. Akishindwa, jicho hukaa naye duru kadhaa. Akifaulu, hukaa naye duru moja. Yaani hata aliyejikinga vizuri limemgusa. Jicho halikosi kabisa. Hapo ndipo kicheko kinapoingia. Mchawi akicheka, jicho pamoja na maapizo mengine kadhaa aliyokwisha kuyatupa huongezewa duru moja. Akicheka tena, duru nyingine. Bei yake ni ule mwendo. Mchawi anayecheka hatembei, ila hatua moja fupi ya futi 5.

Weka zimwi kwenye mlango mwembamba. Ili ampige askari aliye mbele yake, dadu yenye nyuso 20 lazima imwonyeshe 11 au zaidi, basi anapiga nusu ya mara. Duru ya kwanza mchawi anamtupia jicho: sasa zimwi anahitaji 13, na nafasi yake imeshuka hadi asilimia 40. Duru ya pili anamtia mkosi, apizo linalomlazimu anayeshindwa kujikinga kurusha dadu mara mbili na kubaki na tokeo baya. Asilimia 40 ya asilimia 40 ni asilimia 16. Zimwi aliyekuwa akipiga mara moja kati ya mbili sasa hapati hata mara moja kati ya sita, na mchawi hajamchubua ngozi. Wachezaji wazoefu huanza kwa kulielekeza jicho kwenye kinga yenyewe, ili mkosi upate pa kupenya. Hilo ni somo lao.

Hayo ni mahesabu tu hadi utazame kilichotokea chumbani. Ili zimwi abaki hivyo, mchawi lazima asimame ndani ya mita 9 kutoka kwake, humo humo, acheke kila zamu. Hawezi kukimbia. Wenzake wanaelewa wenyewe, bila tangazo, kwamba kazi yao sasa ni kuwa ukuta. Filamu zimetuzoesha kicheko cha mchawi kama pambo, kitu cha kuwatisha watoto kabla ya tangazo la biashara. Humu ni kazi ya kuchosha inayofanywa na mtu aliye hatarini, na aliyeiandika aliitengeneza kwa sentensi chache zisizo na sifa hata moja ndani yake.

Si kila kitu kilipimwa kwa mkono huo. Apizo la usingizi lilikuwa na mipaka yake: aliyelengwa, ashindwe au afaulu, halengwi tena hadi kesho, na rafiki yake akimtikisa anaamka. Hata hivyo jitu kubwa la mwisho wa kisa kizima linaweza kushindwa kujikinga mara moja tu likaanguka likikoroma, na jioni nzima ya msimulizi ikaishia hapo. Jicho na kicheko hujenga hofu taratibu; usingizi unaifunga simulizi kabla haijaiva. Mwaka 2011 katika Ultimate Magic wakaongeza apizo la kupika watu, pamoja na jingine linalompa mchawi pua ya kunusa watoto. Kitabu kinakiri wazi kwamba kupika watu ni uovu. Hapo nadhani waandishi walikuwa wanajifurahisha na hadithi ya Hansel na Gretel, na sioni ubaya, ingawa sijui ni meza gani ingemvumilia mchezaji anayelitaka hilo kwa dhati.

Kwetu tuhuma za uchawi si jambo la hadithi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi ni wa moshi wa jikoni. Kilifi nchini Kenya wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, wakati mwingine na jamaa zao. Sishangai mtu wa huku akisita kumchukua mhusika huyu. Ningemwonyesha mstari mmoja kwenye ile orodha ya maapizo: tiba. Iko palepale, katikati ya jicho na mkosi, inachaguliwa kwa njia ileile. Mchawi akimgusa majeruhi, jeraha linafunga. Kila mtu hutibiwa mara moja tu kwa siku, lakini idadi ya watu haina kikomo. Padri wa daraja la chini katika mchezo huo huishiwa baraka mapema. Mchawi anaweza kwenda nyumba kwa nyumba hadi kijiji kizima kimalizike, asiweze tu kumrudia yule wa kwanza. Mkono unaofunga jeraha la mtoto asubuhi ndio unaoweza kumtia baba yake mkosi jioni, na wanakijiji wanalijua hilo. Msimulizi mzuri haongezi kitu hapo.

Ilichukua muda mrefu kufika huko. Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa yote haya mwaka 1974, kwa miaka mingi ulimweka mwanamke wa aina hii upande wa pili wa meza, kama jini-kizee la kuuawa. Jarida la Dragon lilichapisha kanuni za mchawi zaidi ya mara moja, mojawapo katika toleo la 114 la Oktoba 1986, lakini yalikuwa majaribio ya pembeni. Baadaye mchezo huo ukampata warlock, mtu aliyefunga mkataba na nguvu kubwa, anayesimama karibu kabisa na mchawi bila kuwa yeye.

Pathfinder nao una nguvu kama hiyo nyuma ya mchawi, yaani bwana wake. Mwaka 2010 mchezaji alichagua mwelekeo wake tu, ukweli wa bwana mwenyewe ukaachwa gizani, kiasi kwamba mchawi angeweza kumtumikia miaka mingi asimjue. Mwaka 2023, katika Player Core, mchawi aliingizwa kwenye kitabu cha msingi kama mmoja wa wahusika 8, na kila bwana akapewa sura inayofanya kazi kupitia mnyama. Anayetumikia kimya cha theluji, kwa mfano, kila atumiapo au kuendeleza apizo lake, ardhi alipo mnyama inaweza kuganda barafu na kuwapa shida wanaokanyaga.

Feiya, mchawi ambaye Paizo humchora vitabuni tangu mwanzo, ana mbweha aitwaye Daji. Kwa kanuni za 2010 mchezaji mwenye akili angemficha Daji ndani ya joho vita vikianza. Kwa kanuni mpya, akiwa chini ya bwana huyo wa theluji, Daji lazima ashuke akimbie katikati ya miguu ya maadui, kwa kuwa barafu huanzia alipo yeye. Lile deni la dhahabu nalo halipo tena: akiuawa, bwana huleta mwingine mchawi anapojiandaa siku inayofuata, elimu yote ikiwa salama. Wasiwasi wa zamani umepungua, hilo ni kweli, na nausikitikia kidogo. Lakini mnyama aliyekuwa sanduku la kufungia siri sasa ana zamu yake ya kucheza, na mchezaji inambidi aamue kila duru amtume wapi.