Nani Alimuua Laura Palmer? Kitendawili chenye Majibu Mawili na Mgawanyiko wa Watazamaji

1. Utangulizi

Tarehe 8 Aprili 1990 shirika la televisheni la ABC, huko Marekani, lilianza kuonyesha tamthilia ya mfululizo iitwayo Twin Peaks, iliyobuniwa na David Lynch na Mark Frost. Chanzo cha kisa chake ni chepesi kusimulia. Katika mji mdogo wa kubuni, jimboni Washington, karibu na mpaka wa Kanada, maiti ya Laura Palmer, msichana wa shule ya sekondari, inakutwa ukingoni mwa maji ikiwa imefungwa katika plastiki. Afisa wa upelelezi wa serikali kuu, Dale Cooper, anatumwa kuchunguza. Usiku ule wa kwanza watazamaji zaidi ya milioni 34 walikaa mbele ya televisheni zao, na kwa miezi kadhaa waliulizana swali moja: nani alimuua Laura Palmer?

Jibu lilitolewa mwezi wa Novemba mwaka uleule. Ingetazamiwa kwamba jibu lingewatuliza wote. Kinyume chake liliwagawanya, na mgawanyiko huo umeendelea kujadiliwa hata baada ya filamu ya 1992, baada ya mfululizo mpya wa 2017, na baada ya kifo cha Lynch mwezi wa Januari 2025.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ugomvi wa watazamaji haukuwa juu ya ubora wa mwisho wa kisa tu. Ulikuwa juu ya nani ahesabiwe kuwa mtenda. Kwa kazi hii tutatumia zana mbili ambazo kila msomaji wa Kiswahili anazo tayari: desturi ya kitendawili, na tofauti kati ya maneno mawili mafupi, yaani na na kwa.

2. Mkataba wa kitendawili

Kama tujuavyo, kitendawili cha Waswahili huanza kwa mapatano. Mmoja asema «Kitendawili!», wenzake waitika «Tega!». Wakishindwa kukifumbua, mtegaji hudai mji. Akisha kupewa mji, hana budi kulitoa jibu. Mchezo huu una masharti ambayo hayatamkwi lakini yanaheshimiwa: mtegaji awe na jibu tangu mwanzo; jibu liwe moja, au lifanane na fumbo kiasi cha kuwafanya wasikilizaji waseme «kweli!», tena litolewe palepale, kabla ya watu kwenda kulala.

Tamthilia ya fumbo katika televisheni ya biashara huyachukua mapatano haya na kuyapindua. Mtegaji hudai mji kila juma, na kila juma anapewa, kwa maana muda wa mtazamaji huuzwa kwa wenye matangazo. Kadiri jibu linavyochelewa, ndivyo mtegaji anavyozidi kutajirika kwa miji. Kwa hiyo faida ya mtegaji na haki ya msikilizaji, ambazo barazani huenda pamoja, hapa zinapingana.

Msimu wa kwanza wa Twin Peaks ulikwisha tarehe 23 Mei 1990 bila jibu. Katika dakika za mwisho mpelelezi mwenyewe alipigwa risasi mlangoni mwa chumba chake. Watazamaji wengi walikasirika, na hasira yao inaeleweka vema kwa kanuni tulizozitaja: walikuwa wamekwisha kutoa mji.

Wabunifu wenyewe hawakuwa na nia moja. Lynch alishikilia kwamba swali hili lisingefaa kujibiwa. Lingerudi nyuma polepole huku maisha ya mji yakija mbele. Alilifananisha na bata bukini atagaye mayai ya dhahabu, ambaye kumjibu mtazamaji ni kumchinja. Frost aliona kwamba wanawajibika kwa watazamaji, na kwamba lazima pawe na ufumbuzi. Wakuu wa ABC nao walisisitiza jibu litolewe. Hivyo mgawanyiko ulianza kwa wategaji, kabla haujawafikia wasikilizaji.

3. Jibu na makundi ya watazamaji

Tarehe 10 Novemba 1990, katika sehemu iliyoongozwa na Lynch mwenyewe, mtazamaji alioneshwa jambo ambalo wapelelezi walikuwa hawajalijua. Leland Palmer, baba wa Laura, mwanasheria anayeheshimiwa, ajitazama katika kioo, na sura inayomrudia ni ya BOB, pepo mwenye nywele ndefu za mvi aliyekuwa akionekana katika ndoto na maono. Hapohapo Leland amuua Maddy, binamu wa Laura, ambaye sura yake ni ya Laura kwa kuwa mwigizaji ni mmoja, Sheryl Lee. Wakati huo mtu mwingine, mwenye hoteli, amekwisha kukamatwa kwa kosa asilolitenda. Tarehe 1 Desemba Leland naye alikamatwa. Akiwa mahabusi BOB anena kwa kinywa chake, kisha amwacha baada ya kumgongesha kichwa mlangoni. Leland akumbuka yote, alia, na kufa mikononi mwa Cooper huku maji ya kuzimia moto yakiwamwagikia.

Baada ya hapo watazamaji waligawanyika, na kwa maoni yetu yafaa kuyatofautisha makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema: tumepata jibu, mchezo umekwisha. Wengi wa hawa waliacha kutazama. Mwezi wa Februari 1991 ABC ilisimamisha tamthilia kwa muda. Wapenzi wake wakaandika barua nyingi, ikarudishwa, na sehemu ya mwisho ikaonyeshwa tarehe 10 Juni 1991. Hata hivyo si haki kuutwika ufumbuzi peke yake lawama ya anguko hilo. Watazamaji walikuwa wamekwisha kupungua kabla, hasa tamthilia ilipohamishiwa Jumamosi usiku, saa ambazo vijana wengi hawakai nyumbani.

Kundi la pili lilikubaliana na Lynch: jibu lolote lingelipunguza fumbo, na afadhali lisingetolewa kamwe.

Kundi la tatu ndilo linalotuvuta zaidi. Hawa hawakulalamika kwamba jibu lilikuja, wala kwamba lilichelewa. Walilalamika kwamba yalikuja majibu mawili kwa mpigo, na la pili likalifuta la kwanza. Jibu la kwanza lilikuwa la kutisha na la kweli: msichana alikuwa akinajisiwa na baba yake kwa miaka, katika nyumba nzuri, na mji mzima haukutaka kujua. Jibu la pili lilisema kwamba aliyefanya hayo ni pepo. Baadhi ya wahakiki wa Marekani waliona kwamba kwa njia hii tamthilia ilimsafisha baba saa ileile ilipomfichua. Wengine waliwajibu kwamba pepo ni sura tu ya uovu wa kibinadamu, na kwamba mtazamaji mwerevu hatadanganyika.

4. «Na» na «kwa»

Hapa sarufi yetu yaweza kutusaidia. Kitenzi kikiwa katika hali ya kutendwa, Kiswahili humtambulisha mtenda kwa na, na chombo kwa kwa: aliuawa na mwizi kwa kisu. Anayefuata na ana nia, na anaweza kuhukumiwa. Kinachofuata kwa hakina nia. Hakuna mahakama inayohukumu kisu.

Sasa tuyatafsiri majibu mawili ya Twin Peaks. La kwanza ni hili: Laura aliuawa na baba yake, kwa nguvu za pepo. La pili: Laura aliuawa na pepo, kwa mikono ya baba yake. Wahusika ni walewale, kifo ni kilekile, damu ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi ya na. Katika sentensi ya kwanza baba ni mtenda. Katika ya pili amegeuka chombo. Watazamaji waliogombana kwa miaka mingi walikuwa wakigombania nafasi hiyo ya neno moja, ingawa lugha yao haikuwaonesha jambo hilo waziwazi kama yetu inavyotuonesha.

Lugha yetu hata hivyo haina usafi kamili katika shauri hili. Twasema mtu amepandwa na pepo. Katika usemi huo pepo amekwisha kukaa mahali pa mtenda, na binadamu ametendwa. Pwani, mtu ambaye pepo hunena kwa kinywa chake huitwa kiti. Jina lenyewe latosha: kiti hukaliwa, hakikalii. Mtazamaji Mswahili aliyezoea semi hizi angeweza kulipokea jibu la pili upesi kuliko Mmarekani, na kwa sababu hiyohiyo anapaswa kuliangalia kwa makini zaidi.

Kwa haki ya watunzi, tamthilia yenyewe ililiona tatizo. Baada ya kifo cha Leland, Cooper na wenzake wasimama msituni na kujadiliana kama BOB yupo kweli. Mkuu wa polisi wa mji hawezi kuamini. Cooper amuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumnajisi na kumuua binti yake mwenyewe. Mwingine, Albert, adokeza kwamba huenda BOB ni jina tu la uovu wanaoutenda watu. Katika mfululizo wote hatukuti mazungumzo yanayolikaribia swali kwa ujasiri zaidi ya haya. Kasoro ni kwamba yanakatika hapo. Sehemu zinazofuata zageukia mambo mengine, na Laura asahauliwa. Mwishowe tamthilia ilimpa Leland kifo chenye maji, mwanga na msamaha, nayo haikumpa Laura neno lolote.

5. Laura mwenyewe

Tuligeuze swali sasa. «Nani alimuua Laura?» ni swali linalomweka Laura mahali pa yambwa tangu mwanzo. Watazamaji wote, walioridhika na wasioridhika, walilikubali umbo hilo. Kwa muda wa miezi saba msichana aliyekufa alikuwa fumbo la kuwaburudisha walio hai.

Filamu ya Lynch, Twin Peaks: Fire Walk with Me, iliyooneshwa Cannes mwezi wa Mei 1992, ilipokelewa vibaya. Wengi walitaka kujua nini kilimpata Cooper baada ya sehemu ya mwisho ya 1991. Badala yake walirudishwa kwenye siku saba za mwisho za Laura. Tangu hapo filamu hii imeheshimiwa zaidi na zaidi, nasi twaona sababu iko katika sarufi yake. Laura amekuwa kiima. Laura anaogopa, Laura anatambua uso ulio nyuma ya uso wa BOB, Laura anakataa.

Kukataa huko ndiko ufumbuzi wa kweli. Katika tamthilia, Leland asema kabla ya kufa kwamba alipokuwa mtoto BOB alimjia katika ndoto, naye akamkaribisha. Katika filamu, BOB amtaka Laura vilevile, naye hamkaribishi; anauawa kwa sababu amekataa kuwa kiti. Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, hoja ya chombo yaanguka. Ikiwa binti aliweza kufunga mlango, basi mlango upo, na baba aliyeuacha wazi hadi utu uzima hawezi kuhesabiwa pamoja na kisu. Tunamhurumia kwa kuwa naye aliingiliwa akiwa mtoto. Huruma hiyo haimwondoi baada ya na.

Mfululizo wa 2017, wenye sehemu 18, ulikwisha tarehe 3 Septemba kwa tendo linalothibitisha jambo hili kwa njia ya uchungu. Cooper arudi katika wakati uliopita kujaribu kukifuta kifo. Mwishoni amfikisha mwanamke mwenye sura ya Laura mlangoni pa nyumba ya zamani, na jibu analopata ni ukelele. Watazamaji waligawanyika tena. Sisi tulielewa kwamba mpelelezi aweza kumtaja mtenda, lakini hawezi kuyatangua yaliyotendwa.

6. Hitimisho

Msomaji wa Kongo aweza kuuliza: ugomvi wa Wamarekani juu ya tamthilia yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu nasi tunalijua jibu la pili, na kwetu halikubaki katika televisheni. Katika miji yetu watoto wengi wamefukuzwa majumbani kwa kuambiwa kwamba msiba au ufukara wa jamaa umeletwa na uchawi wao. Hali hiyo ilienea hata ikabidi kutungwa kanuni: sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, yamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi.

Visa hivi viwili vyaonekana kupingana, kwani katika kimoja pepo amwondolea mtu mzima hatia, na katika kingine uchawi wamtwika mtoto hatia. Lakini tukiangalia nafasi ya na, twaona matokeo ni yaleyale: mtu mzima ameondoka mahali pa mtenda, na mtoto ndiye aliyelipa. Wale wa kundi la tatu, walioambiwa kwamba hawakuielewa sanaa, walikuwa wakilinda jambo zito kuliko sanaa. Walitaka sentensi ikamilike. Mtegaji aliyepewa mji anawiwa jibu. Na jibu la kitendawili hiki, hata kama pepo wote wa msituni wakiitwa kuwa mashahidi, ni kwamba Laura Palmer aliuawa na baba yake.