Subira Huvuta Heri? Uhakiki wa Safari ya Silksong

Wahenga walisema kuwa subira huvuta heri. Wahenga hao hao wakasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu wetu wa fasihi simulizi alitufundisha kwamba methali mbili zinazopingana haziuani. Kila moja ina mahali pake, na kazi ya msikilizaji ni kupatambua mahali hapo. Nimeyakumbuka maneno yake kwa sababu ya mchezo wa kompyuta uitwao Hollow Knight: Silksong, ambao mimi na wachezaji wengi duniani tuliusubiri kwa zaidi ya miaka sita. Katika insha hii nitauhakiki mchezo huo pamoja na namna ulivyotengenezwa, kwani naona mambo hayo mawili hayatenganishiki.

Nianze na chimbuko lake. Team Cherry ni kikundi kidogo cha watengenezaji wa michezo katika mji wa Adelaide, Australia, kinachoongozwa na Ari Gibson na William Pellen. Mwishoni mwa mwaka 2014 waliomba michango ya umma kupitia Kickstarter. Walihitaji dola 35,000 za Australia, wakapata zaidi ya 57,000. Kwa kuwa lengo lilipitwa, waliwaahidi wachangiaji kuwa wangemwongeza mhusika wa pili wa kuchezwa, yaani Hornet. Hollow Knight ukatoka Februari 2017 na kupendwa sana, lakini ahadi ya Hornet ilikuwa bado. Walipoishughulikia, kazi ikawakulia mikononi, na Februari 2019 wakatangaza kuwa Hornet atapata mchezo wake kamili. Kwa hiyo Silksong ulianza kama deni kwa watu waliotoa fedha zao kabla ya kuona chochote.

Mwaka huo wa 2019 nilikuwa kidato cha tatu hapa Kampala. Kaka yangu alikuwa na kompyuta kuukuu, nasi tulikuwa tukipokezana: mmoja akishindwa na adui, mwingine anakaa kwenye kiti. Tulikubaliana kuwa mwendelezo tutaucheza vivyo hivyo. Juni 2022 mchezo ulionyeshwa katika maonyesho ya Xbox, na tukaelezwa kuwa michezo yote iliyoonyeshwa siku hiyo ingetoka ndani ya miezi 12. Tukafurahi. Mei 2023 ukaja ujumbe mfupi kwamba hautatoka katika nusu ya kwanza ya mwaka huo kama ilivyopangwa. Baada ya hapo, kimya. Katika mjadala darasani niliwahi kusema kwamba kimya cha namna ile ni dharau, na kwamba mtu anayekawia hivyo hana kitu cha kuonyesha. Leo najua kuwa nusu ya maneno yangu ilikuwa makosa.

Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na mfano kichwani. Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997, mara baada ya Duke Nukem 3D kuiletea kampuni ya 3D Realms ya Texas mafanikio makubwa. Kampuni ilikuwa na fedha zake, na ilipoulizwa tarehe ilijibu kuwa mchezo utatoka utakapokuwa tayari. Mwaka 1998 waliacha injini ya mchezo waliyoanza nayo wakahamia nyingine, na sehemu kubwa ya kazi ikabidi ianzwe upya. Kila mara michezo ya wengine ilipoonyesha jambo jipya, wao nao walitaka kulifikia. Mei 2009 watengenezaji wake wakaachishwa kazi. Kampuni nyingine ikaumalizia, na Juni 2011, baada ya miaka 14, ukatoka. Wahakiki wengi waliukosoa vikali kwamba umechakaa kabla ya kuzaliwa.

Tukizilinganisha safari hizi mbili, tunaona jambo la kushangaza: zilianza na mtaji ule ule. Team Cherry nao waliuza nakala za mchezo wa kwanza kwa mamilioni, wakawa huru, hawana bosi wa kuwaharakisha. Nao pia walinyamaza. Kwa nini basi mmoja uliharibika na mwingine ukaiva? Kwa maoni yangu, tofauti ni mipaka. Team Cherry hawakuikimbilia kila teknolojia mpya. Walibaki kikundi cha watu wachache, wakaendelea na michoro ya mkono inayoonekana kutoka ubavuni, wakaendelea na mtindo ule ule wa mchezo wa kwanza. Wakati mchezo ulipokaribia kutoka, Gibson na Pellen walieleza kuwa kazi haikuwahi kukwama. Waliendelea kuongeza mambo kwa sababu walikuwa wakiifurahia. Mwenye kuongeza chumba kwenye nyumba iliyosimama si sawa na mwenye kubomoa msingi kila mwaka. Wote wawili wanakawia, lakini mmoja tu ndiye anayejenga.

Je, miaka hiyo inaonekana ndani ya mchezo? Inaonekana. Hornet anatekwa na kupelekwa katika ufalme wa Pharloom, naye anapanda kutoka chini hadi kwenye ngome takatifu ya juu, kinyume cha mchezo wa kwanza ambao ulitushusha kilindini. Shujaa wa kwanza hakusema neno. Hornet anazungumza, anauliza, na anawajibu mahujaji anaokutana nao njiani. Fedha za nchi hiyo ni shanga za rozari, na baadhi ya viti vya kupumzikia havikupokei mpaka ulipe. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaelewa kuwa hapo maudhui na uchezaji vimeshikana: huu ni ufalme unaomtoza mcha Mungu hata pumzi yake, na mchezaji anauhisi unyonyaji huo mfukoni mwake kabla hajauelewa kwa maneno. Ustadi wa namna hii haupatikani kwa haraka.

Hata hivyo, miaka hiyo imeacha dosari pia. Maadui wengi huondoa alama mbili za uhai kwa pigo moja, ilhali mchezaji anaanza na tano tu. Siku chache baada ya mchezo kutoka, watengenezaji walitoa marekebisho yaliyowapunguzia makali maadui wakuu wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, na kushusha kidogo bei za baadhi ya viti. Naona hapa alama ya watu waliokaa na kazi yao muda mrefu mno hata wakasahau mkono wa mgeni ukoje. Tafsiri ya Kichina nayo ililalamikiwa na wasomaji wake, na Team Cherry wakaahidi kuirekebisha. Kama mwanafunzi wa lugha, dosari hii ilinigusa zaidi, kwani mhusika aliyepewa sauti alistahili kusikika vizuri katika kila lugha aliyopewa.

Dosari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kimya chenyewe. Tarehe 21 Agosti 2025 walitangaza kuwa mchezo ungetoka tarehe 4 Septemba, yaani wiki mbili tu baadaye. Siku hiyo ilipofika, maduka makubwa ya mtandaoni yalizidiwa na wanunuzi. Lakini kabla ya hapo, watengenezaji wengine wadogo waliokuwa wamepanga kutoa kazi zao wakati huo walilazimika kupisha. Demonschool, kwa mfano, ulisogezwa kutoka tarehe 3 Septemba hadi Novemba. Team Cherry wamesema hawakutaka kutuchosha na taarifa zisizo na jipya. Ninawaelewa. Lakini neno moja kwa mwaka lisingemchosha mtu. Fahali akijilaza bila kuangalia, nyasi ndizo zinazoumia.

Mchezo uliuzwa dola 20, bei ya chini kwa kazi kubwa hivyo. Niliununua na kuupakua usiku kucha kwa kifurushi cha intaneti, kisha nikampigia kaka yangu, ambaye sasa anafanya kazi Gulu na ana mtoto. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe cheza tu, mdogo wangu. Ukishindwa, nipigie."

Kwa kuhitimisha, sasa najua mahali pa kila methali. Subira huvuta heri pale ambapo fundi anajua anachokijenga na anakubali mipaka yake. Hili Team Cherry wamelithibitisha, nami nafuta kauli yangu kwamba hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Ngoja ngoja huumiza matumbo pale ambapo anayengojewa hasemi neno, hata kazi yake ikiwa njema. Nusu hiyo ya kauli yangu siifuti. Silksong ni mchezo bora kuliko niliousubiri, ila niliahidiana kuucheza na mtu ambaye sasa hana nafasi. Kwenye ule mteremko wa Moorwing nilishindwa mara kumi na tisa. Nilimpigia.